Mjadala: Hema ya kukutania ilikuwa mpango wa awali, au dawa ya kosa la ndama?

MLETA MADA
Wakuu, kila tukigusa Kutoka 25, Mungu anapomwagiza Musa ajenge hema ya kukutania, yaani hema ya ibada ya Waisraeli jangwani, huku kwetu tunakimbilia Waebrania 9 na kuishia hapo. Sawa, Wakristo ndivyo tunavyosoma. Ila Wayahudi wameichambua hema hii karne na karne, na wenyewe kwa wenyewe hawajakubaliana: Mungu aliiagiza kabla watu hawajamwabudu ndama wa dhahabu, au baada ya hapo?

Ukifuata mpangilio wa sura, maagizo yapo 25 hadi 31, ndama yupo 32, ujenzi 35 hadi 40. Rashi, mwalimu wa Kiyahudi wa Troyes, Ufaransa (1040–1105), hakubali. Akieleza 31:18 anasema Torati haiendi kwa tarehe. Ndama alitangulia, mbao za mawe zikavunjwa tarehe 17 ya Tamuzi (mwezi wa kalenda ya Kiyahudi), msamaha ukapatikana Siku ya Upatanisho, na kesho yake ndipo michango ya hema ilipoanza. Sforno, mfafanuzi mwingine wa Kiyahudi, wa Italia, karne ya 16, anakaza zaidi: kabla ya ndama, madhabahu ya udongo ya 20:24 ilitosha, popote pale. Kwa maneno mengine, hema ni kushushwa daraja.

Ramban, mwalimu wa Kiyahudi wa Girona, Hispania (1194–1270), anapinga. Kwake hema ni Sinai inayosafiri: utukufu uliokaa mlimani waziwazi sasa unakaa humo kwa siri. Mimi nipo naye. Wingu linafunika mlima 24:16, wingu linafunika hema 40:34. Mlimani watu wamebaki chini, wazee wamepanda kidogo, Musa peke yake kaingia winguni. Kwenye hema kuna ua, patakatifu, kisha patakatifu pa patakatifu anapoingia kuhani mkuu peke yake. Na baada ya ndama, 33:3, Mungu anasema hatakwenda kati yao. Ahadi inayofutwa hapo ni ipi, kama si ile ya 25:8 ya kukaa kati yao? Ndiyo maana Ramban anaiona sura ya 35 kama kurudi kwa mapenzi ya siku za arusi.

MCHANGIAJI
Mkuu, unamwonea Rashi. Fuata dhahabu. 32:3 watu wanavua hereni kwa ajili ya ndama. 35:22 wanavua tena, vipini na pete, kwa ajili ya hema. Midrashi Tanhuma, mkusanyo wa kale wa mafafanuzi ya Kiyahudi ya Torati, inasema wazi kwamba dhahabu ya hema ije ilipie dhahabu ya ndama.

Halafu soma 38:8, birika la shaba lililotengenezwa kwa vioo vya wanawake. Rashi anasimulia kwamba Musa alivikataa, akaviona vyombo vya tamaa. Mungu akamwambia avipokee, hivyo ndivyo avipendavyo kuliko vyote. Kule Misri waume walikuwa wanarudi hoi kwa kazi ngumu. Wake zao wakawapelekea chakula, wakajitazama nao kwenye kioo, wakawatania kwamba "mimi mzuri kuliko wewe", na ndivyo watoto walivyoendelea kuzaliwa utumwani. Hema inachukua kitu chenye shaka na kukipa kazi mpya. Kama hiyo si dawa, ni nini?

MLETA MADA
Simulizi ya vioo ni tamu, sina ubishi. Ila inahusu Misri, ndama hayumo. Na hereni zinaonyesha toba ya waliochanga. Hazithibitishi kwamba agizo lilisubiri kosa. Mtu anaweza kutubu kwa kutekeleza jambo aliloamriwa zamani.

Tena mnaruka makerubi. Aliyekataza sanamu anaagiza viumbe viwili vya dhahabu, vyenye mabawa, juu ya kiti cha rehema. Yehuda Halevi, mshairi na mwanafalsafa wa Kiyahudi wa karne ya 12, alijibu kwamba tofauti ni amri: ndama watu walijitungia, makerubi yaliagizwa. Jibu hilo linaeleza kwa nini sura ya 39 na 40 zinarudia "kama Bwana alivyomwamuru Musa" mpaka msomaji anachoka (mimi huwa naruka mistari).

Sasa nyie wa Rashi nijibuni. Watu wametoka juzi tu kuiangukia sanamu ya dhahabu. Dawa yao iweje ndiyo iwe na sanamu nyingine mbili za dhahabu, tena mahali patakatifu kuliko pote?