Filamu za 2018: taja yako, taja na tukio lenyewe. Tupeane uzoefu

Bundi wa Saa Nane
Wakuu, anayesema 2018 ulikuwa mwaka mkavu kwa sinema aliangalia matangazo tu akalala. Tupeane uzoefu. Masharti mawili: usitaje kumi, taja moja au mbili, na usiseme "ni kali" ukaondoka, sema tukio gani na lina nini ndani.

Naanza na A Quiet Place, ile ya viumbe wanaowinda watu kwa kusikia sauti. Wengi wanaikumbuka kwa ule msumari wa kwenye ngazi. Mimi nawaambia sikilizeni ukimya, maana mle ndani ukimya si wa aina moja. Regan, yule binti kiziwi, kaigizwa na Millicent Simmonds ambaye ni kiziwi kweli. Kamera ikimkaribia, sauti ya dunia inaondoka tunaingia kichwani mwake. Kifaa chake cha sikioni kikiwa kimewashwa unasikia mvumo mzito wa chini kwa chini. Kikizimwa, hakuna kitu kabisa. Hata ule mchakacho mdogo ambao filamu huuacha ili mtazamaji asidhani spika zimekufa, umetolewa. Kwa hiyo ukiiangalia kwenye chumba chenye feni umeikosa nusu. Zima feni, vaa hedifoni, vumilia dakika 90.

Mama Bisi
Nizime feni Dar, mwezi wa pili? Unataka tufe kabla ya steringi.

Kamba Fupi
Naunga mkono hoja. Na ile milio ya kugongagonga ya wale viumbe, mafundi wa sauti waliipata kwa kuzipiga zabibu shoti ya umeme, kisha wakaipunguza kasi. Zabibu, jamani.

Mchora Fremu
Spider-Man: Into the Spider-Verse, na sitaki ubishi.

Sinema ina picha 24 kwa sekunde. Katuni nyingi za kompyuta hubadilisha mkao wa mhusika kwenye kila picha kati ya hizo. Hapa Miles, dogo anayejifunza kuwa Spider-Man, mwanzoni anabadilishwa kila baada ya picha mbili, yaani mikao 12 kwa sekunde, wakati mwalimu wake Peter yuko kwenye 24. Rudieni pale msituni wanapotoroka na kompyuta. Wote wawili wanabembea mitini, lakini dogo anaonekana kama anajikwaa hewani. Hajaambiwa aigize kujikwaa, ni hesabu tu. Akishapata ujuzi naye anahamishiwa 24, mwili unalainika, na hakuna aliyekutamkia chochote.

Jambo la pili ni ukungu wa lenzi, haumo. Kitu kilicho mbali hakififizwi. Rangi zake zinaachana kidogo, nyekundu huku, buluu kule, kama kitabu cha vibonzo kilichochapwa mtambo ukiwa umetetereka. Waliotengeneza walisema sekunde moja ilikuwa inawala kama wiki nzima.

Sasa kosa ninaloliona kwenye sebule za watu. TV nyingi mpya zinatoka dukani zikiwa na kitu cha kulainisha mwendo. Samsung wanakiita Picture Clarity (zamani Auto Motion Plus), LG TruMotion, Sony Motionflow. TV inabuni picha za katikati ambazo hazikuwapo. Kwa mpira haina neno. Kwa filamu hii inayajaza yale mapengo ya Miles yaliyoachwa kwa makusudi, dogo na mwalimu wake wanakwenda sawasawa, hadithi imekwisha kufa na hujui nani kaiua. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta jina hilo, zima.

Kiti cha Mbele
Kumbe! Ndiyo maana filamu ya mamilioni ya dola inaonekana kama tamthilia ya saa moja jioni.

Mama Bisi
Si uweke TV kwenye hali ya sinema tu, inazima vyote.

Mchora Fremu
Siyo zote, dada. Nyingine zinabakiza kidogo. Weka hali ya sinema halafu ukakague.

Mti Mkavu
Black Panther mnaizunguka kwa nini? Angalieni mavazi ya Ruth Carter. Taji la Malkia Ramonda ni isicholo, ile kofia ya wake za Wazulu, ila limechapwa kwa mashine ya 3D, ndiyo maana duara lake halina hata kijikosa. Blanketi la W'Kabi ni la Wasotho. Wekundu na shanga za Dora Milaje, wale walinzi wa kike wa mfalme, Mmasai haulizi zimetoka wapi. Ilichukua Oscar tatu: mavazi, mandhari na muziki. Kwenye muziki, mtunzi Ludwig Göransson alikwenda Senegal akazunguka na mwanamuziki wa huko Baaba Maal, akarudi na tama, ile ngoma ya kwapani unayoibana ikabadili sauti. Ndiyo inayomtaja T'Challa, mfalme wa Wakanda. Tega sikio anapoingia.

Kamba Fupi
Shanga za kwetu, lugha ya wengine. Wangepungukiwa nini kuwapa Kiswahili?

Mti Mkavu
Kixhosa kiliingia tangu Captain America: Civil War ya 2016. John Kani, aliyeigiza T'Chaka, baba wa T'Challa, ni Mxhosa, akakitumia kwenye seti, kikabaki kuwa lugha ya Wakanda. Huwezi kubadilisha lugha ya ufalme katikati ya safari.

Kamba Fupi
Hata salamu moja?

Pwani Pwani
Wale wa milimani wanaitwa Jabari. Jina hilo kuna mtoto mtaani kwako analo. Tulia.

Kamba Fupi
Jabari ni la Kiarabu.

Pwani Pwani
Na kitabu, na habari, na karatasi? Turudishe yote tubaki tunapigiana miluzi?

Bundi wa Saa Nane
Rudini kwenye filamu.

Parachuti Moja
Haya, Mission: Impossible – Fallout, pale wanaporuka kutoka kwenye ndege. Nieleze taratibu, maana watu wanadhani ni kompyuta na shuka la kijani.

Kwenye hadithi ni usiku, radi, Paris iko chini. Paris na radi ndivyo vilivyoongezwa kwa kompyuta. Kuruka kwenyewe ni Abu Dhabi, ndege ya kijeshi C-17, futi 25,000, yaani kilomita saba na nusu na ushei.

Tatizo la kwanza ni damu. Kimo kile kanieneo ya hewa ni ndogo sana, nitrojeni iliyomo mwilini inaweza kutoa mapovu kama soda iliyofunguliwa. Kwa hiyo kabla ya kuruka unakaa unavuta oksijeni tupu kama dakika 20, nitrojeni itoke. Ukivua barakoa katikati, umeanza upya.

La pili ni sura. Kofia za kawaida za warukaji wa aina hii zinaficha uso wote, na hakuna mwenye studio anayemlipa Tom Cruise ili tuone kofia. Ikabidi itengenezwe yenye kioo kipana na taa ndani, na bado iwe kifaa cha kweli cha kumpumulisha mtu.

La tatu, kamera. Mpiga picha Craig O'Brien aliifunga kichwani mwake akaruka kinyumenyume, anamtazama Cruise huku yeye anakwenda chini kwa mgongo. Hakuna fundi wa fokasi angani. Umbali kati yao lazima uwe futi tatu hivi: ukizidi, sura ina ukungu, ukipungua, wanagongana vichwa wakiwa wanaanguka.

La nne ndilo lililowatesa kuliko yote: jua. Mwongozaji Christopher McQuarrie alitaka mwanga wa machweo, na mwanga ule unadumu kama dakika tatu. Ina maana jaribio moja kwa siku. Ukikosea umbali, au mkono umekaa vibaya, mnarudi kesho. Jumla ni mirukio 106 ili kupata vipande vitatu tu vya kutumika, na hivyo vitatu vikaungwa vionekane kimoja kisichokatika.

Kiti cha Mbele
106? Chai hiyo.

Kamba Fupi
Chai bila sukari.

Parachuti Moja
Si chai. Cruise huyohuyo Agosti 2017 alivunjika kifundo cha mguu London akiruka kutoka jengo hadi jengo, na kipande hicho kimo kwenye filamu. Angalieni anavyojivuta juu ya ukingo, anasimama, anachechemea anapita mbele ya kamera ili picha isiharibike. Kuchechemea kule hakuigizwi.

Mama Bisi
Na masharubu ya Henry Cavill, mwenzake Cruise humo, je? Studio ya Paramount walimkatalia kunyoa, wakati huohuo anaitwa kurudia vipande vya Justice League alikokuwa Superman. Ikabidi masharubu yafutwe kwa kompyuta, Superman akatoka na mdomo kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino ganzi haijaisha.

Kiti cha Mbele
😂😂 Hapo kwenye masharubu naamini.

Bundi wa Saa Nane
Uzi umetekwa.

Taa ya Koroboi
Machweo umenikumbusha Burning, filamu ya Korea ya Lee Chang-dong. Haemi anacheza nje ya nyumba ya shamba, Paju, karibu na mpaka wa Korea Kaskazini, tarumbeta ya Miles Davis inalia, jua linazama nyuma yake. Kabla yake tulishaambiwa kwamba sauti inayosikika kwa mbali ni vipaza sauti vya propaganda kutoka ng'ambo. Kwa hiyo kuna muziki, kuna ng'ombe, kuna mpaka. Baada ya hapo Ben anasema, kama mtu anayesimulia kwamba anacheza karata, kuwa yeye huchoma vitalu vya nailoni vya mkulima, kimoja kila miezi miwili. Kwenye hadithi fupi ya mwandishi Murakami ilikotoka ni ghala linalochomwa. Kuweka nailoni kumeongeza uzito, maana kitalu unaona ndani yake na hakuna kitu. Dakika 148, usiiangalie na simu mkononi.

Kamba Fupi
Weka kasi ya moja na nusu, inaisha mapema.

Taa ya Koroboi
Na pilau unaikorogea maji uinywe?

Pwani Pwani
Roma. Mwongozaji Cuarón kashika kamera mwenyewe, ya kidijitali ya milimita 65. Picha zilichukuliwa kwa rangi ndipo zikageuzwa nyeusi na nyeupe. Pale baharini Cleo, yaya wa nyumba, anawafuata watoto kwenye mawimbi na hajui kuogelea. Yalitza Aparicio anayemwigiza naye hakujua kuogelea wakati ule. Kamera inakwenda naye kwa ubavu mpaka kwenye maji ya kifua bila kukatwa. Chini ya kamera kuna gati lililojengwa hadi ndani ya bahari ili kreni ipite juu. Hakuna muziki wa kukuambia uogope, ni mawimbi tu, na yanapanda kila hatua. Filamu nzima haina muziki wa kutungiwa; ni redio, mbwa, na filimbi ya mnoa visu inayopita mtaani.

Mchora Fremu
Ile filimbi ndiyo sababu Roma si ya kwenye simu. Imechanganywa kwa Atmos, mfumo wa sauti inayokuzunguka: kamera ikigeuka, sauti inahama nayo, mnoa visu anakupita mgongoni. Spika mbili za TV zinamgandisha katikati.

Pwani Pwani
Hedifoni za kawaida zinatosha.

Mchora Fremu
Zinatosha kusikia. Hazitoshi kugeuza shingo.

Kiti cha Mbele
Mmesahau kichekesho cha maandishi ya chini. Kwa Wahispania wa Hispania, Netflix waliweka manukuu ya Kihispania cha kwao juu ya Kihispania cha Meksiko, kana kwamba hawasikilizani. Cuarón akasema ni tusi, yakaondolewa.

Mama Bisi
Kuna filamu za Nairobi ambazo mtu wa Unguja angeyahitaji hayo manukuu, tusidanganyane.

Nje ya Uwanja
Umenisogeza kwenye Supa Modo ya Likarion Wainaina. Dakika 74. Jo ana miaka tisa, ugonjwa wake hauponi, dada yake na kijiji kizima wanakula njama ya kumfanya aamini ana nguvu za shujaa. Ufundi uko kwenye umaskini wa mbinu: uwanjani watu wanaganda kwa kusimama tu. Hakuna kompyuta. Ukikaza macho utamwona mtu anayumba mguu mmoja, na kuyumba kule ndiko upendo wenyewe, kwa sababu nguvu za Jo ni majirani. Kompyuta ingeiharibu.

Taa ya Koroboi
Ndiyo iliyopelekwa na Kenya kwenye Oscar mwaka ule, wengine wakitaraji Rafiki ya Wanuri Kahiu. Rafiki ilipigwa marufuku Aprili, ikaenda tamasha la Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi kule, na Septemba Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba tu, kwa watu wazima. Siku saba si namba ya bahati nasibu: kanuni za Oscar zilitaka filamu iwe imeonyeshwa nyumbani siku saba mfululizo.

Mti Mkavu
Andhadhun ya India, ya Sriram Raghavan. Mpiga piano anayejifanya kipofu, yuko sebuleni anapiga kinanda, nyuma yake maiti inaondolewa, na hawezi kusitisha wimbo wala kugeuza macho. Hakuna neno linalosemwa. Vidole ni vya Ayushmann Khurrana mwenyewe, alijifunza. Angalia mwigizaji Tabu anavyotembea kwa vidole mbele ya mtu anayemdhani kipofu.

Kiti cha Mbele
Wadau, Burning na Roma nimezishusha, manukuu yanatangulia maneno. Nabonyeza G na H kwenye VLC, programu ya kuchezea video, mpaka kidole kinauma, dakika kumi mbele yamepotea tena.

Mchora Fremu
H inachelewesha, G inawahisha, kila mbofyo milisekunde 50. Inasaidia pale tu pengo lisipobadilika. Pima dakika ya 5, pima dakika ya 60. Pengo likiwa lilelile, tumia hizo. Likiwa linakua, manukuu yametengenezwa kwa fremu (picha) 25 kwa sekunde na video yako ni 23.976. Tofauti hiyo inakula kama sekunde mbili na nusu kila dakika, saa moja baadaye umeachwa dakika mbili na nusu. Fungua faili kwenye programu ya Subtitle Edit, badilisha fremu kutoka 25 kwenda 23.976, hifadhi, zima VLC uiwashe.

Kamba Fupi
Au jifunze Kikorea.

Mama Bisi
Bundi, feni nitazima. Jenereta la jirani nalizimaje?

Bundi wa Saa Nane
Mwache. Kwenye filamu ile yeye ndiye angeliwa wa kwanza.