Karakana ya watu saba: WhatsApp na lahajedwali, ubao wa kadi, au programu moja ya kila kitu?

mwenye_karakana

Wakuu, salaam. Nina swali linalonisumbua kwa miezi sasa, na ningependa kuwasikia waliowahi kutumia vitu hivi kwa mikono yao wenyewe.

Tuko saba. Tunatengeneza samani na kufunga makabati ya jikoni nyumbani kwa wateja. Kwa kawaida tunakuwa na kazi sita hadi tisa kwa pamoja, kila moja na hatua yake: hii inapimwa, ile inasubiri mbao, nyingine iko kwenye vanishi, nyingine imebaki bawaba tu. Mpaka leo tunaendesha mambo yote kwa kundi la WhatsApp na faili moja la Excel lililo kwenye kompyuta ya ofisini.

Kilichonisukuma kuandika ni kazi tuliyoimaliza mwezi uliopita. Mteja alimtumia fundi ujumbe wa sauti kwenye kundi akiomba droo mbili za ziada na vipini vya aina nyingine. Fundi akakubali, akatengeneza, kazi ikapendeza. Ila mimi ninayeandika ankara sikuusikia ujumbe ule, ulishazama chini ya jumbe nyingine themanini za siku hiyo. Nikatoza bei ya makubaliano ya mwanzo. Nilipogundua, mteja alishalipa na kushukuru, na sikuona ni haki kumrudia kwa kosa lililokuwa letu. Faida yote ya kazi ile ilibaki ndani ya droo mbili.

Nimebakiza njia tatu. Kwanza, tubaki hapa tulipo ila kwa nidhamu zaidi, na lahajedwali ihamie Google Sheets ili kila mtu aione. Pili, kazi ziende kwenye ubao wa kadi kama Trello, mazungumzo yabaki WhatsApp, gharama zibaki kwenye lahajedwali. Tatu, tuhamie mazima kwenye programu moja kama Odoo au ERPNext yenye miradi, bohari na ankara pamoja. Ninyi mngechukua ipi?

mpiga_hesabu

Mkuu, pole kwa hasara hiyo. Ninafunga hesabu za biashara ndogo, na kisa chako nimekiona kwa sura nyingi.

Ukitazama vizuri, ujumbe ulikuwepo na lahajedwali ilikuwepo. Havikuwa na kitu cha kuviunganisha. Kwa hiyo kabla ya kuchagua programu, ipe kila kazi namba. K-041, kwa mfano. Namba hiyo ikae kwenye makadirio, nyuma ya kila risiti ya mbao na misumari, kwenye ankara, na mwanzoni mwa kila ujumbe unaohusu kazi hiyo. Ukitafuta "K-041" kwenye WhatsApp, kila kilichoandikwa kuhusu kazi hiyo kitajitokeza. Ujumbe wa sauti hautajitokeza, na hilo ni tatizo la peke yake ambalo naamini wengine watalizungumzia.

Kuhusu lahajedwali, wengi hufungua ukurasa mmoja kwa kila kazi. Usifanye hivyo. Weka ukurasa mmoja wa matumizi, safu moja kwa kila manunuzi: tarehe, namba ya kazi, aina (vifaa, ufundi, usafiri), kiasi, aliyelipa. Kanuni ya SUMIFS itakujumlishia gharama za K-041 bila wewe kugusa kitu. Kazi zikifika mia, ukurasa ni uleule.

Saa za mafundi nazo ziingie. Hii ndiyo gharama inayosahaulika kuliko zote kwa sababu haina risiti. Fundi akirudi mara mbili kwa mteja kurekebisha mlango usiofunga, hiyo ni nusu siku, na isipoandikwa utaendelea kuamini kuwa kazi za aina hiyo zinakulipa.

Na nikuulize: faida unaipangaje? Wengi huchukua gharama, huongeza asilimia 25, kisha husema faida yao ni asilimia 25 ya mauzo. Sivyo. Gharama ya 100 ukiongeza 25 unauza 125, na 25 ndani ya 125 ni asilimia 20. Ukitaka asilimia 25 ya bei, gawanya gharama kwa 0.75, yaani unaongeza karibu asilimia 33.3. Nimeona biashara zikitoa punguzo la asilimia 20 zikidhani bado zina kitu mfukoni.

msimamizi_wa_saiti

Naunga mkono namba ya kazi kwa asilimia zote. Ila lahajedwali haitakwambia kazi gani imekwama, na kwa watu saba wenye kazi tisa, kukwama ndiko kunakokula pesa.

Mimi nilichukua njia ya pili. Huu mtindo wa kadi ulianzia viwandani kwa Toyota huko Japani, ambako kadi ilisafiri na vifaa ikieleza nini kinahitajika na wapi. Trello iliuleta kwenye skrini mwaka 2011, na tangu 2017 iko chini ya kampuni ya Atlassian. Kwako ningeweka safuwima hizi: Kupima, Makadirio yametumwa, Inasubiri vifaa, Karakanani, Kufunga kwa mteja, Ankara. Kila kazi kadi moja, namba yake juu, picha za vipimo ndani.

Faida yake utaiona wiki ya kwanza. Ukikuta kadi tano zimesongamana "Inasubiri vifaa", huhitaji kikao kujua shida iko wapi. Halafu weka ukomo. Sisi tulikubaliana kazi zisizidi tatu kwenye hatua ya karakanani. Ya nne haianzi mpaka moja itoke, hata mteja akipiga simu mara ngapi. Mwanzoni niliogopa tutapoteza wateja. Kazi zilianza kutoka haraka zaidi, kwa sababu hakuna tena mbao zilizokatwa nusu zikizunguka chini ya meza.

Udhaifu nao upo. Ubao haujui pesa. Na kadi zisiposogezwa, baada ya wiki mbili ubao unakuwa ramani ya zamani ambayo hakuna anayeiamini. Kwetu kila asubuhi tunasimama dakika kumi mbele ya skrini, mtu mmoja anasogeza kadi zote huku wengine wakisema. Kumwachia kila fundi asogeze ya kwake tulijaribu, haikudumu.

mtu_wa_mifumo

Nizungumzie njia ya tatu maana ndiyo kazi yangu, na nitasema ukweli hata kama unaninyima wateja.

Odoo ilianza Ubelgiji mwaka 2005 ikiitwa TinyERP. Toleo lake la Community ni la chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na unaweza kuliweka kwenye seva yako bila ada ya leseni. Wengi hawaambiwi mapema kwamba toleo hilo linatoa ankara, lakini uhasibu kamili uko kwenye toleo la kulipia. ERPNext nayo ni ya chanzo huria, na uhasibu umo ndani tangu mwanzo. Kwa mtu anayetafuta hesabu bila leseni, ningemwonyesha ERPNext kwanza.

Lakini "bila leseni" si "bila gharama". Seva inalipiwa. Nakala rudufu lazima mtu azichukue na azijaribu kama zinafunguka. Odoo hutoa toleo jipya kubwa kila mwaka, na kuhama kutoka toleo moja kwenda jingine ni kazi ya siku kadhaa kama umebadilisha chochote ndani. Gharama kubwa kuliko hizo zote ni muda wa kuingiza taarifa: kila ubao, kila bawaba, kila gundi iwe na jina lake kwenye mfumo ndipo bohari iseme kweli.

Niliwahi kuweka mfumo wa namna hii kwenye kampuni ya watu kumi na wawili. Baada ya miezi minne mafundi walikuwa bado wanazungumza WhatsApp, na dada mmoja wa ofisini alikuwa akikaa mpaka usiku kunakili mazungumzo yao kuyaingiza kwenye mfumo. Mfumo haukuwa mbaya. Nilikosea mimi kwa kuuleta kabla watu hawajazoea kuandika lolote popote.

Utauhitaji siku ukiwa na bohari yenye mamia ya vitu, au karakana mbili zinazogawana vifaa. Kwa sasa hapana.

Lahajedwali nayo isipewe imani kupita kiasi. Mwaka 2020 huko Uingereza, karibu visa 16,000 vya korona vilichelewa kuripotiwa kwa sababu faili la zamani la Excel lenye ukomo wa safu 65,536 lilijaa, na zilizozidi zikaachwa nje kimyakimya.

mpiga_hesabu

Mkuu, kwa karakana hiyo safu 65,000 hazitajaa hata akistaafu. Hatari yake ni ndogo na ya kila siku: mtu anaandika namba juu ya kanuni, jumla inaganda, na hakuna anayeona kwa miezi miwili. Google Sheets inakuruhusu kulinda seli zenye kanuni, na historia ya mabadiliko inaonyesha nani aligusa nini na lini. Hilo pekee linatosha kuhama kutoka faili la kompyuta moja.

mwenye_karakana

Nashukuru sana. Nimeelewa kwamba la tatu nilisubirishe. Ila kuna jambo sikulisema: mafundi wangu wawili, tena ndio wazoefu kuliko wote, hawapendi kuandika. Wanatuma sauti. Nikiwalazimisha kuchapa ndani ya seli ndogo za lahajedwali kwenye simu, najua wataacha kunitumia chochote kabisa.

mratibu_wa_hafla

Kaka, hapo ndipo penye mzizi. Biashara yangu ni mapambo ya hafla, na mabadiliko ya dakika za mwisho ndiyo maisha yetu.

Anza na hesabu hii. Watu saba wakizungumza kila mmoja na kila mmoja, zipo njia 21 za mazungumzo. Ongeza mteja mmoja, zinakuwa 28. Ndiyo maana jambo linajulikana kwa wawili na halijulikani kwa watano. Sisi tulitenga. Kundi la ndani halina mteja hata mmoja. Mteja ana mtu mmoja wa kuzungumza naye kuhusu bei, ukubwa na tarehe. Fundi akiombwa kitu saiti, jibu lake ni moja: "Nitamwambia ofisini akutumie bei." Si ukaidi huo, ni heshima kwa pande zote mbili, kwa sababu mteja naye hapendi kushtukizwa na ankara.

Sauti msiipige marufuku. Fundi mzoefu anayeeleza kwa sauti anakupa mambo ambayo asingeyaandika kamwe. Weka sheria moja tu: sauti ikigusa bei, ukubwa au tarehe, mtu wa ofisini anaigeuza kuwa maandishi ya sentensi mbili, anayatuma kwa mteja pamoja na namba ya kazi, na kazi hiyo ya ziada haianzi mpaka mteja ajibu kuwa amekubali. Kwa kisa chako ingekuwa: "K-041: droo 2 za ziada na vipini vipya. Nyongeza ni kiasi hiki, kukamilika kunasogea siku 2. Tafadhali thibitisha." Inachukua dakika tatu.

Hakikisha pia kuwa jumbe zinazojifuta hazijawashwa kwenye mazungumzo na wateja. Mtu anaweza kuziwasha kwa nia njema kabisa, ushahidi wa makubaliano ukayeyuka. Na atakayekushauri uhamie Slack ya bure, ile programu ya mazungumzo ya kazini, kumbuka kwamba tangu 2022 inaonyesha jumbe za siku 90 tu. Mteja akirudi baada ya miezi sita na swali la dhamana, huna kitu.

msimamizi_wa_saiti

Kuhusu seli ndogo kwenye simu, tumia Google Forms. Fundi anafungua kiungo, anachagua namba ya kazi kwenye orodha, anaandika kiasi, anapiga picha ya risiti, anatuma. Safu mpya inajiandika kwenye lahajedwali bila yeye kuiona. Ila ukiweka sehemu ya kupakia picha, kila anayejaza lazima awe ameingia kwenye akaunti ya Google. Kwa mtu asiye nayo, atume picha kwenye kundi ikiwa na namba ya kazi, ofisini wamalizie.

mpiga_hesabu

Naongeza moja, nami nimemaliza. Usisubiri kazi iishe ndipo utazame gharama. Kila Ijumaa chukua kazi zilizo wazi, na kwa kila moja jumlisha kilichotumika na kile unachoamini bado kitahitajika mpaka mwisho. Linganisha jumla hiyo na makadirio. Kazi iliyofika nusu huku gharama zimekula asilimia 70 bado unaweza kuinusuru: unazungumza na mteja, unabadilisha vifaa, unapanga upya safari za kufunga. Ukigundua siku ya ankara, kilichobaki ni kuandika hasara.

mwenye_karakana

Nimekaa na wenzangu leo jioni tukaisoma mada hii yote pamoja. Tumeamua hivi. Namba za kazi zinaanza mara moja. Matumizi yanahamia Google Sheets kwa fomu, na seli za kanuni nitazilinda mimi. Wateja wanatoka kwenye kundi la mafundi, na dada wa ofisini ndiye atakayezungumza nao kuhusu bei. Ubao tutauanza kwa karatasi ukutani karakanani, kwa sababu wale mafundi wawili wenyewe wamesema wakiuona kila wakishika randa watausogeza. Ukidumu miezi miwili, tutauhamishia Trello.

Kimebaki kitu kimoja: kazi nane zilizo wazi sasa, niziingize zote na risiti zake za nyuma?

mratibu_wa_hafla

Zipe namba na uziweke ukutani leo. Risiti za nyuma usizifukue, isipokuwa kwa zile ambazo hujaziandikia ankara ya mwisho. Na kwa hizo, wapigie wateja kesho asubuhi uwaulize kama kuna chochote walichoomba kwa fundi ambacho hakimo kwenye makadirio.

mwenye_karakana

Ziko tatu. Nitawapigia saa tatu asubuhi, kisha nirudi kuwaambia nilichokipata.