Vijana wa chuo cha ufundi na kutoa figo: nianzie wapi bila kuwatisha?

Mwalimu_wa_Chuma

Wadau, salamu. Nafundisha kuchomelea katika chuo kimoja cha ufundi si mbali na Eldoret. Kwetu hasa ni Kwale, riziki ndiyo iliyonipandisha huku kwenye baridi. Mkuu wa chuo amenikabidhi kipindi cha stadi za maisha kwa mwaka wa pili, na mada nimejichagulia mwenyewe: kutoa viungo vya mwili. Wenzangu ofisini wananicheka. Wanasema wape ukimwi na dawa za kulevya kama kila mwaka, wapige makofi, mwende mkanywe chai.

Sababu yangu ni kwamba jambo hili limeshaingia darasani kabla yangu, tena kwa milango miwili. Yuko kijana, nimwite K., ambaye mamake husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Hakuna aliyemwambia "toa figo". Ila akienda nyumbani, mjomba anamuuliza kama anakula vizuri, kama anavuta sigara, kama ana mchumba. Kijana si mjinga, anaelewa anapimwa. Na benchi hilohilo wamekaa wawili ambao najua wameshazungumza na dalali. Dalali mwenyewe wala hatishi. Alikuwa akiendesha bodaboda kwenye steji yetu, siku hizi ana simu nzuri na kovu ubavuni, na kila kichwa anachopeleka analipwa.

Mtakumbuka Aprili 2025 DW na wenzao wa Ujerumani walipotoa uchunguzi wao kuhusu figo za vijana wa huku, Wizara ya Afya ikasimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya Eldoret. Kijana mmoja waliyemhoji aliahidiwa dola 6,000 akaambulia 4,000. Nilipolitaja hilo karakana nilidhani watashtuka. Mmoja akauliza hiyo elfu nne ni ngapi kwa pesa zetu. Nikamwambia laki tano na kitu. Kimya. Kimya kile nakijua, kila mtu alikuwa ananunua mashine ya kuchomelea, grinda, jenereta, na kulipa kodi ya kibanda mwaka mzima.

Sasa nikisimama nikasema "msikubali kamwe kutolewa figo", labda nimewakinga wale wawili, lakini K. nimemharibia. Atarudi nyumbani akimwona mamake kama mtu anayemtaka nyama yake. Nikisema "kutoa ni utu", nimemfanyia dalali kazi yake, maana na yeye huanzia hapohapo: unaokoa roho ya mtu, na wewe unapata mtaji.

Niliwaambia waandike maswali kwenye vikaratasi bila majina. Haya ni baadhi. Ukitoa figo utabeba tena mtungi wa gesi? Nguvu za kiume hupungua? Figo huota tena? Nikipata ajali ya boda na nilishasema viungo vyangu vitolewe, daktari si ataniacha nife? Na hili: wazungu wakifa figo zao hupewa wenzao, mbona sisi tunazika nazo?

Nina saa mbili, vijana thelathini na kitu, wengine hawajafika miaka 18. Kiswahili na Sheng wanazo, Kiingereza cha hospitali kinawapita juu. Aliyewahi kulifundisha au kulipitia, nianzie wapi?

Nesi_wa_Figo

Mwalimu, mimi ni nesi wa kitengo cha figo, hospitali ya umma, siyo Eldoret. Jibu vikaratasi kwanza. Kijana akiwa na swali la nguvu za kiume kichwani hasikii kingine chochote.

Figo haioti. Iliyobaki hupanuka kidogo ikabeba kazi ya zote mbili, na mtu aliyepimwa sawasawa huishi nayo vizuri. Nguvu za kiume haziguswi. Mtungi wa gesi, hapana kwa wiki sita hivi kwa sababu ya kidonda na misuli ya tumbo, baada ya hapo atabeba. Lakini usiishie hapo, kwa sababu madalali huishia hapo. Upasuaji huu huua. Ni wachache sana, kama watatu katika watoaji 10,000, na hiyo ni hesabu ya nchi zenye hospitali zilizojipanga. Aliyetoa anatakiwa kupimwa presha na mkojo kila mwaka maisha yake yote. Msichana aliyetoa, akishika mimba baadaye, uwezekano wa kupandwa na presha ya mimba unaongezeka, kwa hiyo kliniki wamjue mapema. Na hili liseme kwa sauti mbele ya wachomeleaji: diclofenac na brufen. Mgongo ukiwauma wanazinunua kwa kemisti kama peremende. Mwenye figo moja hatakiwi kuzimeza ovyo. Waliouza hawakuambiwa. Wanakuja kwetu miaka inayofuata, presha iko juu, hawana barua ya kutoka hospitali, hawajui hata walipimwa nini, na ukiuliza nani alikupasua wanaangalia chini.

Kuhusu K. kuna jambo ambalo yeye na mjomba wake hawalijui. Kwenye kitengo kinachofanya kazi yake vizuri, mtoaji huonwa peke yake. Mama hayupo, mjomba hayupo. Akisema sitaki, familia huambiwa tu kwamba kiafya hafai kutoa. Hatuelezi zaidi. Inaweza kuwa mishipa, inaweza kuwa damu, si yao kujua. Na anaweza kubadili mawazo hata akiwa ameshavaa gauni la tiatani. Waambie darasa zima hili, na wakati unalisema usimwangalie yeye. Walio chini ya miaka 18 hatuwapimi kabisa.

Ajali ya boda: daktari anayekutibu si yule anayepandikiza, hizo ni timu mbili na hazitakiwi kuchanganyika. Halafu kwetu Kenya figo zinazopandikizwa hutoka kwa watu walio hai, kwa hiyo hofu hiyo imekuja na sinema. Kuhusu wazungu, mwambie aliyeuliza kwamba Hispania walianzisha shirika la taifa la upandikizaji mwaka 1989, wakaweka katika hospitali zao madaktari ambao kazi yao ni kuzungumza na familia mtu anapofariki. Wao hawakuanza na mabango. Walianza na mtu wa kuketi na wafiwa.

Mkweli_Mchungu

Mnapoteza muda. Njaa haifundishwi stadi za maisha. Mwili ni wake, auze. Iran si wanaruhusu?

Binti_Sheria

@Mkweli_Mchungu Iran wanaruhusu ndiyo, ni nchi pekee yenye utaratibu wa malipo kwa anayetoa figo, na hata huko mgeni haruhusiwi kununua figo ya Muirani. Yaani hata hao wamefunga mlango ambao kwetu umeachwa wazi.

Mwalimu, mimi ningewaonyesha upande wa karatasi. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inakataza kuuza na kununua viungo. Dalali anajua, ndiyo maana anamsainisha kijana kwamba yeye ni binamu wa mgonjwa asiyewahi kumwona. Siku akipunjwa hizo dola elfu mbili ataenda kushtaki wapi? Mapatano ya jambo haramu hayana mahakama, na yeye mwenyewe ameshaweka sahihi kwenye uongo. Madalali hawahitaji kutisha mtu, hiyo sahihi inatosha. Vijana wa ufundi wanaelewa mambo ya kudaiwa na kudai, anzia hapo wataelewa upesi kuliko ukianza na haki za binadamu.

Sheria hiyohiyo inamruhusu mtu mwenye umri wa kuandika wosia aseme viungo vyake vitumike baada ya kufa: kwenye wosia wenyewe, au kwa maandishi yenye mashahidi wawili, au hata kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili. Wengi hata mawakili hawalijui hilo la mdomo. Asiposema kitu, uamuzi unaangukia jamaa zake. Hata anayekataa ni vizuri awaambie nyumbani.

Fundi_Lori_Voi

Mimi nilimpa mdogo wangu wa kiume figo. Mwalimu, nitakwambia ambayo hospitali hawakuniambia kwa sababu hayakuwa kazi yao.

Kwanza pesa. Mtoaji halipwi, sawa, lakini na yeye anakula. Mimi ni fundi wa malori. Wiki zile nimelala, gereji haikuingiza kitu, mtoto wa watu niliyemwachia spana alinipigia kila saa, na mke wangu ndiye aliyebeba nyumba. Familia yote ilikuwa ikichangia mgonjwa. Harambee ya mgonjwa ilifanyika, ya kwangu hakuna aliyeifikiria, na mimi nikaona haya kuuliza. Huyo K. wako afundishwe kuuliza swali moja kabla ya vipimo: nikilala, kodi yangu na karo yangu nani analipa? Mjomba akinyamaza hapo, basi na yeye anyamaze kuhusu chakula.

Pili, figo si dawa ya milele. Mdogo wangu anameza vidonge kila siku asubuhi na jioni ili mwili usiikatae, na figo iliyotoka kwa mtu hai hudumu miaka kumi na tano, ishirini, wengine zaidi. Kijana akidhani anamnunulia mamake uzima wa moja kwa moja, siku ikichoka atasema alitoa bure.

La tatu ndilo gumu. Mdogo wangu alikuwa hawezi kunikatalia kitu. Nikisema niazime pikipiki, analeta na mafuta amejaza. Niliipenda hali hiyo mwanzoni, kisha ikanichosha. Siku moja tuligombana juu ya shamba, akanitukana vizuri, ndipo nikajua amepona. Sijui hilo utalifundishaje.

Mke wangu anauliza kwa nini nimeandika yeye alibeba nyumba, sikuandika jina lake. Basi, ameshaona.

Maalim_wa_Likoni

Kwa kuwa mwalimu ni mtu wa pwani, swali la dini litakuja tu. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikaa Jeddah mwaka 1988 likaruhusu kupandikiza kiungo kutoka kwa aliye hai na kutoka kwa maiti kwa masharti, ridhaa ikiwa ya kwanza, na likasema kuuza haifai. Wako masheikh wenye rai nyingine, usiwafiche wanafunzi. Kwa Wakatoliki wako, Papa Yohane Paulo II alizungumzia hilo Roma Agosti 2000: kutoa alikusifu, biashara alikukataa. Dakika tano zinatosha, usije ukageuza karakana kuwa mhadhara.

Mwalimu_wa_Chuma

Shukrani wote. Nimepata pa kuanzia, na wala si kwenye figo.

Nitaanza na macho. Hakuna mchomeleaji darasani ambaye hajaingiwa na cheche au chembe ya grinda jichoni, nusu yao hawavai miwani mpaka nipige kelele. Konea, ule utando angavu wa mbele, ukichanika ukapona vibaya hubaki na baka jeupe na mtu haoni. Kinachoweza kumrudishia macho ni konea ya mtu aliyefariki, inayotolewa saa chache baada ya moyo kusimama. Haina dalali, haina mjomba, hakuna aliye hai anayepasuliwa. Hospitali ya macho ya Lions pale Loresho, Nairobi, wana benki ya macho. Hapo nitawauliza kila mtu: baada ya kufa, ungetoa? Ungepokea? Na ambaye hataki, hajibu. Nataka wazoee kwamba "sitaki" ni jibu kamili kabla hatujafika kwa figo, ambako kusema sitaki kuna gharama.

Kisha maigizo. Kijana mmoja awe dalali, mwingine awe mjomba, wa tatu awe wa kuamua. Nilijaribu na wawili jana baada ya kazi, wakacheka sana, halafu yule wa kuamua akasema, "Mwalimu, hawa wawili mbona wanaongea sawasawa? Wote wanataka jibu leo." Sikumsaidia kufika hapo. Nadhani kipindi chote nitakijenga juu ya sentensi hiyo: anayekutaka ujibu leo, mwulize kwa nini leo.

Fundi_Lori_Voi, swali lako la kodi na karo nitaliandika ubaoni kama lilivyo. Lile la shamba nitawasimulia bila kukutaja.

Mkweli_Mchungu, njaa sikuikana. Ndiyo maana dakika za mwisho nitaleta fomu za mkopo wa vifaa kutoka kwenye chama chetu cha akiba. Si laki tano. Ila ni grinda.

Nesi, ungeweza kuja Ijumaa? Nauli chuo hakina, nitatoa mfukoni.

Nesi_wa_Figo

Ijumaa nina zamu ya usiku inayoisha asubuhi, nitawalalia mezani. Nipe Jumanne ijayo, saa nne. Nauli weka, nunua karatasi za kupimia mkojo boksi moja na uazime kipima presha, tuwapime wote wakiona. Wale wawili na K. watapimwa katikati ya wenzao, hakuna atakayejua tuliwatafuta. Na uwaambie wasinywe soda ya nguvu asubuhi hiyo, presha zao zitanidanganya.