Diski imeandikwa 100, inatoa MB 1 kwa sekunde. Hesabu inagoma wapi?

Mpigavideo wa Ujiji
Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ya zamani ya mezani, Pentium III yenye Windows XP, tangu enzi napiga video za harusi hapa Ujiji. Ndani ina diski ya IDE (zile za zamani za utepe mpana) ya GB 80, kibandiko kinasema ATA/100. Humo kuna GB 61 za harusi, maulidi na vipaimara vya watu, na juzi imeanza kulia kama nyenje. Nikanunua diski ya nje ya TB 1, boksi lake linajisifu 5 Gbps. Nikachomeka, nikaanza kuhamisha. Saa nzima, GB 3.6! Nikapiga hesabu, masaa 17. Kwa umeme huu wetu, masaa 17 mfululizo nitayatoa wapi? Ulikatika saa ya tano, nikaanza upya.

Fundi wangu pale Mwanga anasema diski ya zamani ndiyo inachelewesha, "hiyo ni 100 tu, mwenzake ni giga 5". Hapo ndipo naachwa. 100 ya nini? Maana kadi ya mtandao iliyomo humo humo nayo imeandikwa 100. Ni 100 ile ile? Halafu hiyo GB 80 kompyuta inaisoma 74.5. Fundi anasema zilizobaki "zimeliwa".

Binti Kibirizi
Pole kaka. Hizo ni 100 mbili tofauti. Ya diski ni megabaiti, ya kadi ni megabiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo kadi yako ni MB 12.5 kwa sekunde, diski ni MB 100. Kwetu tunauza mawese: mtu akikwambia "nipe ishirini" lazima umuulize, madumu au chupa? Kwenye maandishi angalia herufi: B kubwa ni baiti, b ndogo ni biti.

Diski msiisingizie. Shida ni tundu ulilochomeka. Kompyuta za umri huo nyingi zina USB 1.1, yaani megabiti 12. Gawa kwa 8 unapata MB 1.5, na USB yenyewe nayo inajikatia chake kwa kupanga safari za data, unabaki na MB 1 hivi. Ndiyo masaa yako 17 hayo. Giga 5 za diski mpya zinateremka zifuate tundu.

Na hakuna kilicholiwa. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows inagawa kwa 1024 mara tatu, 80 inasomeka 74.5. Mwambie fundi asitishe watu.

Mzee wa Stesheni, Tabora
Binti yuko sawa, ila hiyo "gawa kwa 8" isiwe panadoli ya kila homa. SATA, njia ya diski iliyokuja baada ya IDE, ya kwanza ni 1.5 Gbps (gigabiti kwa sekunde), ukigawa kwa 8 unapata MB 187.5, lakini kasi yake ni MB 150, kwa sababu kila baiti inasafirishwa kwa biti 10. USB ya giga 5 ni hivyo hivyo, MB 500. Zile za waya nyingi sambamba, IDE na SCSI (ya diski za seva), ziliandikwa kwa megabaiti tangu zamani. Nimehudumia seva za Ultra160, aina ya SCSI: ni MB 160 kweli, lakini diski zote za waya ule zinagawana.

Tena 100 hiyo ni kasi ya mlango. Sahani inayozunguka ndani haiifikii, ikitoa MB 40 shukuru. Na utazame utepe wa kijivu unaoingia kwenye diski: pini ni 40, ila nyuzi zinatakiwa ziwe 80, nyembamba nyembamba. Ukiwa wa nyuzi 40, mlango unashuka hadi MB 33.

Ushauri wangu, itoe diski, tafuta adapta ya IDE kwenda USB 2.0 yenye chaja yake (diski hizi zinataka volti 12, tundu la USB halinazo), weka jampa (kile kiplastiki kidogo cha kwenye pini nyuma ya diski) kwenye "master", uchomeke kwenye laptopu.

Mpigavideo wa Ujiji
Shikamoo mzee. Kwani siwezi kuunganisha laptopu kwa waya wa mtandao, hiyo 12.5?

Mzee wa Stesheni, Tabora
Marahaba. Kwa hesabu inaenda: MB 11 halisi, saa moja na nusu. Ila XP inashirikisha mafaili kwa lugha ya zamani ambayo Windows za sasa zimeizima kwa usalama. Utashinda siku nzima kwenye mipangilio, na diski inalia. Nunua adapta.

Mpigavideo wa Ujiji
Mrejesho. Adapta ilikuja na basi toka Dar, elfu 25. Kwenye karatasi megabiti 480, yaani MB 60. Kwangu imesoma 28, dakika 36 kazi imekwisha. Fundi alikuwa amesimama pembeni, hakusema kitu. Faili tatu zimegoma kunakiliwa, moja ni ya harusi yangu mwenyewe. Mama watoto bado sijamwambia.