Kompyuta inajisasisha mteja akiwa amesimama

Wakuu, nina steshenari Mbagala. Jana dada mmoja kaja kuchapisha barua ya maombi ya kazi, mwisho saa 10. Nabonyeza tu, kompyuta ikajizima: “Inasasisha 27%, usizime.” Dakika 40! Na bando la wiki kwisha. Hili dude nalizimaje kabisa?

— Usilizime, mkuu. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta hadi za hospitali Uingereza, na kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu kilimopitia, kilishatoka tangu Machi. Ingia kwenye mipangilio, weka saa za kazi, isijizime na kujiwasha yenyewe muda huo.

— Mimi naiachia usiku.

— Usiku? Luku nachangia na kinyozi, atanitoa roho! Nimeweka saa 2 asubuhi hadi 2 usiku. Yule dada bado hapokei simu zangu.