Mrejesho: tela iliyokuwa inayumba barabarani

Wakuu, niliwauliza kuhusu tela yetu ya kulala tunayoivuta kwa pikapu, ile iliyokuwa inatikisa mkia kila semi (lori kubwa la mizigo) inapotupita kwenye barabara kuu ya I-80 kule Wyoming, Marekani. Naleta mrejesho.

Nimefunga kiungio cha kugawa uzito, yaani kile kinachoshika tela kwenye pikapu na kusambaza uzito usikalie nyuma ya pikapu peke yake; kina vyuma viwili vya springi. Kuvipandisha kwenye vishikio vyake kwa mkono ni balaa. Dawa: unganisha tela na pikapu kwanza, kisha piga jeki ya mbele ya tela mpaka nyuma ya pikapu inyanyuke. Vinaingia kilaini.

Mdau uliyesema nipime kwanza uzito unaokalia kiungio, ubarikiwe. Inatakiwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela nzima. Yetu haikufika hata 10. Kwa hiyo makreti ya maji tumeyahamishia mbele ya ekseli ili uongezeke.

Sasa semi ikipita nasikia msukumo mmoja, basi. Ila upepo wa Wyoming bado siuamini, kule sivuki maili 55 kwa saa.

Kero ni kelele. Nikikata kona sheli vyuma vinalia kriii, watu wanageuka. Mke wangu anataka nipake grisi, lakini kiungio cha aina hii hutumia msuguano kuzuia tela isiyumbe. Ukikilainisha pale kinaposuguana, umekiua.