"Waache wapigane, watamalizana wenyewe": nyie mnaoshauri hivi mnatuponza wenye mbwa majike wawili

Wakuu, leo nimekuja na hasira na sifichi. Kila anayeuliza kwa nini mbwa wake majike wawili wameanza kuraruana ndani ya nyumba anarushiwa jibu lile lile: "Waache wapigane, wakishajua nani mkubwa watatulia." Wengine wanamalizia na kicheko. Nyie mnaojibu hivyo mmewahi kuishi na majike wawili wazima waliochokana, au mnasimulia ya kusikia?

Wangu ni Nyota na Malkia. Nyota ndiye mkubwa, Malkia aliletwa baadaye akiwa mtoto. Muuzaji nilimuuliza waziwazi: kuna tabu kuweka jike juu ya jike? Akacheka. Eti jike ni mpole, msumbufu ni dume, hawa watazoeana tu. Na kweli wakazoeana, wakawa wanalala tandiko moja, huyu kichwa juu ya mgongo wa yule. Hapo ndipo watu wengi tunapoingizwa mkenge, kwa sababu mtoto wa mbwa hana cha kugombea. Mwili wake hukua haraka, ila utu uzima wa kujua anataka nini mbele ya wenzake huja baadaye, kati ya mwaka mmoja na mitatu. Vita huanza hapo, wakati muuzaji keshakula hela na simu hapokei.

Sasa nisikilizeni nyie wa "watamalizana". Majike wakikinukisha hawagombani kama madume mengi, kelele nyingi na mate, kisha kila mtu anajikung'uta na kuondoka. Hapana. Jike akikamata, anang'ang'ania. Na wakishaumizana kweli hawasahau; kinachofuata hakihitaji hata sababu, kuangaliana tu kunatosha. Nyota aliumwa chini ya sikio. Kwa nje ilikuwa kitundu ambacho ungedhani ni mwiba umemchoma, damu kidogo, imekauka. Daktari wa mifugo aliponyoa manyoya na kuingiza kifaa chake, kilizama. Ngozi ilikuwa imeachana na nyama kwa ndani, pamebaki mfuko wa usaha. Meno ya mbwa ndivyo yanavyofanya: yanatoboa padogo halafu anapotikisa kichwa yanachana huko chini. Mimi nilikuwa nimeshamsafisha kwa maji ya chumvi kama nilivyoshauriwa na wajuaji, nikaambiwa "ni mchubuko tu".

Na msiniambie ni mbwa wangu tu wana matatizo. Mwaka 2011 jarida la chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani lilichapisha utafiti wa jozi 38 za mbwa waliokuwa wakipigana ndani ya nyumba moja. Asilimia 79 zilikuwa za jinsia moja, na nyingi zilihusisha majike. Mchokozi mara nyingi alikuwa mdogo kwa umri na mgeni ndani ya nyumba. Yaani Malkia kabisa! Sisemi majike wote hawapatani, wapo wanaozeeka pamoja bila mkwaruzo, na Mungu awabariki. Ninachosema ni kwamba hatari inajulikana, imeandikwa, na mtu anayeuza mbwa kila mwezi hawezi kudai hajawahi kuisikia.

Hii habari ya "nani mkubwa" nayo imenichosha. Ilienea kutokana na uchunguzi wa mtafiti Rudolf Schenkel wa mwaka 1947, aliyeangalia mbwa mwitu aina ya wolf waliofungiwa pamoja wakitunzwa na watu. Mtafiti mwingine, David Mech, ambaye mwenyewe alichangia kuisambaza, alikaa na mbwa mwitu porini miaka mingi, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Watoto hawapiganii cheo, wakikomaa wanaondoka kwenda kuanzisha makwao. Jike wako aliyefungiwa geti ataondoka aende wapi? Huko porini anayeshindwa ana pa kukimbilia. Ndani ya korido ana ukuta nyuma na mwenzake mbele, halafu wewe umesimama na simu unasubiri "wamalizane".

Kuna mkufunzi mmoja, simtaji, nilimlipa aje kusaidia. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumlaza Malkia chali na kumkandamiza "ajue bosi ni nani". Cha pili akaniambia nimchape kila anapounguruma. Ukimchapa mbwa kwa kuunguruma, hasira haiondoki, inayoondoka ni sauti. Sasa Malkia haungurumi. Anaganda. Mdomo unafungwa, mkia unapanda juu na kukakamaa, macho yanatua kwa Nyota na hayapepesi. Ukihesabu moja na mbili umechelewa. Kabla ya yule bwana nilikuwa na mbwa anayetoa onyo. Baada yake nina mbwa anayeuma kimyakimya, na pesa hakurudisha.

Jambo ambalo hakuna aliyeniuliza, si muuzaji wala mkufunzi, ni wanapigana lini. Daktari ndiye aliyeuliza, tena swali la kwanza. Jike asiyefungwa kizazi huingia kwenye joto (kipindi cha kutaka dume) takriban kila miezi sita au saba, na joto lenyewe huchukua wiki mbili hadi tatu. Sasa wako wawili, kila mmoja na ratiba yake, homoni zinapanda huku zinashuka kule. Na joto likiisha mambo hayajaisha. Wiki kadhaa baadaye jike anaweza kupata mimba ya uongo hata kama hakupandwa: matiti yanajaa, anakusanya viatu kwenye kona na kuvilea kama watoto. Nyota alilea soksi. Malkia akapita karibu na hiyo soksi, kwisha habari. Nyie mkasema ni wivu.

Mtasema "si uwafunge kizazi". Sawa, kwa ugomvi unaofuata joto inasaidia, na nimewafunga wote. Ila daktari alikataa kumfunga Nyota akiwa kwenye mimba ya uongo, kwa sababu hali hiyo inaweza kung'ang'ania baada ya upasuaji. Ikabidi tusubiri ipite. Vilevile kufunga kizazi hakufuti kumbukumbu. Mbwa akishajifunza kuwa mwenzake ni hatari, amejifunza. Na kabla ya yote walipimwa meno, viungo na damu, maana mbwa mwenye maumivu huwa mkali, na anayeanza kumshambulia mwenzake ghafla pengine anaumwa tu.

Kwa hiyo sasa hivi nyumba yangu ina vigeti viwili. Mmoja akiwa nje, mwingine yuko ndani. Wanakula vyumba tofauti milango imefungwa, na mabakuli yanaondolewa kabla sijafungua. Kengele ya mlangoni ikilia kila mtu yuko kwake, kwani mihemko ya mgeni kuingia ndiyo iliyowasha mapambano mengi. Wote wamefundishwa kuvaa kifunga mdomo cha aina ya kikapu, kile kinachowaruhusu kuhema na kunywa maji, na tulianza kwa kuwapa kitamu ndani yake, hatukuwavisha kwa nguvu. Ni kazi. Watoto wamechoka kuuliza "nani yuko nje?" kabla ya kufungua mlango.

Na tafadhali, mnaomwambia mtu "ingiza mkono umvute kwa mkanda wa shingo", acheni! Mbwa aliye vitani anageuka na kuuma kilicho karibu, hajui ni wewe. Tumia ubao, kiti, blanketi zito, maji, chochote kinachoingia katikati pasipo vidole vyako.

Wale wanaoniita mkatili kwa sababu nafikiria kumtafutia Malkia nyumba nyingine, nyumba isiyo na jike, nawauliza hivi: mtakuja kukaa zamu kwenye vigeti? Mbwa anayeishi anasikiliza hatua za adui wake ng'ambo ya mlango siku nzima, huyo anafaidi nini kwa kubaki?

Wewe muuzaji, najua unapita humu. Juzi nimeona tena tangazo lako, majike wawili wa uzao mmoja, "chukua wote wasiachane". Mwambie mnunuzi ukweli kabla hajalipa, au njoo ujibu hapa mbele ya watu.

Ninaomba waliowahi kuwarudisha pamoja majike walioumizana waandike walivyofanya: mlianza kuwatembeza sambamba kwa umbali gani, mlijuaje ni wakati wa kusogea, na nani alikata tamaa. Wa "watamalizana" piteni kimya, uzi huu si wenu.